Ekzosi Ambayo Ayeeyo Hakutaka Izibwe

Matope ya mto Tana hayaishi. Wiki iliyopita mdogo wangu Hassan alifungua ubao wa ndani wa mlango wa Landrova yetu, ile kuukuu inayokaa uani hapa mtaani Galbet, na vumbi jekundu likamwagikia viatu vyake. Nilikuwa nimesimama karibu, kikombe cha chai mkononi. Harufu ilinifikia kabla sijaelewa ni ya nini: udongo wa mtoni uliokauka, dizeli, na kitu kingine kama ngozi iliyolowa ikasahaulika. Nilikiinamisha kikombe bila kujua, chai ikaniunguza. Mtu mzima mimi, mwenye watoto wanaonyoa ndevu, najimwagia chai kwa ajili ya vumbi la mlango wa gari.

Hassan hakuniona. Alikuwa na furaha zake. Alikuwa amenunua ekzosi mpya, ndefu, inayong'aa, ameiegemeza ukutani, na Ijumaa akitoka msikitini alitaka kumleta fundi aing'oe ile ya zamani yenye tundu.

"Abaayo," aliniita, ndivyo tunavyowaita dada zetu, "gari hili likinguruma majirani wananicheka. Hivi kwa nini miaka yote hii hakuna aliyewahi kuliziba tundu lenyewe?"

Nilimwambia aache kwanza. Akaniuliza sababu. Nikashindwa kusema, maana sababu ni yeye.

Landrova ilikuwa ya kaka yetu mkubwa, Siyat. Alikuwa akipeleka unga, sukari na majani ya chai kwa wafugaji wa upande wa Ijara, na kurudi na mbuzi waliofungwa miguu wakilia nyuma kama abiria waliodhulumiwa. Alirudi alasiri, na gari lake lilisikika kabla halijaonekana, kwa sababu jiwe la njiani lilikuwa limetoboa ekzosi, na lile bomba la moshi likawa linakohoa kwa namna ambayo hakuna gari jingine mjini lililokohoa hivyo. Akifika langoni alikanyaga mafuta kwa nguvu, akaachia, akakanyaga tena, kisha akapiga honi fupi. Hooyo, yaani mama yetu, alitoka jikoni akifuta mikono kwenye dera lake na kupiga kelele zilezile za kila siku: "Siyat, zima hilo dude, mtoto amelala!" Aghalabu hakukuwa na mtoto aliyelala. Ilikuwa ndiyo salamu yao, na Siyat asingezima gari mpaka aisikie.

Kisha mto ukafurika. Siyat aliiacha Landrova kwenye ukingo, akaingia mashambani kuwasaidia watu kutoa mbuzi wao, na maji yakapanda kuliko alivyodhani. Mwili wake uliokotwa chini zaidi, mbali. Wanaume walimzika siku hiyohiyo. Kwetu wanawake na watoto hawaendi makaburini, kwa hiyo nilichoona mimi ni wanaume wakitoka na jeneza lililofunikwa shuka ya kijani, kisha wakirudi mikono mitupu wakiwa na mchanga kwenye viatu. Nilikuwa ndiyo kwanza nang'oka meno ya mbele. Neno kufa nililijua vizuri, lilikuwa la mbuzi na la wazee. Sikuona kwa nini limshike Siyat, ambaye siku zote alikwenda na siku zote alirudi.

Hooyo alikuwa na mimba iliyokomaa. Alimzaa Hassan msiba ukiwa bado mbichi, mikeka ya wageni haijakunjwa. Baba alikuja kutoka Mandera kwenye duka lake, akapokea pole za watu, akampa mtoto jina, akarudi. Sisi tukabaki na kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: Hooyo hakulia. Alilala akiutazama ukuta, macho makavu, mdomo mkavu, na maziwa nayo yakakauka. Hassan aliwekwa kifuani akavuta, akavuta, akaachia na kupiga ukelele ambao mpaka leo nikiusikia kwa mtoto wa mtu yeyote nasimama wima. Maziwa ya mkebe aliyatapika. Ya mbuzi yalimharisha. Muuguzi wa kliniki alisema mama aendelee kumnyonyesha, maziwa yatakuja. Hayakuja. Utosi wa mtoto ulianza kubonyea. Mimi ndiye niliyempakata kutwa, na nilimhisi akizidi kuwa mwepesi kila siku, hadi nikawa naogopa kumbeba upepo ukivuma.

Ndipo akaja Ayeeyo kutoka Wajir. Ayeeyo ni bibi, mama yake Hooyo, mwanamke mwembamba mwenye fimbo, aliyekuwa ameishi na ngamia maisha yake yote na asiyeamini chochote kilichofungwa ndani ya mkebe. Alimpa binti yake supu ya mbuzi na uwatu, zile mbegu za kuleta maziwa. Alimkanda mgongo. Alimsomea dua. Hooyo aliyapokea yote hayo kama mtu anayepokea mzigo wa jirani, akayaweka kando. Siku moja Ayeeyo alikaa mlangoni muda mrefu akimwangalia binti yake mgongoni, akatema mate kando, akauliza:

"Lile gari la Siyat liko wapi?"

Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amelitaja jina hilo kwa sauti mle ndani. Nilidhani Hooyo atageuka. Hakugeuka. Abti Dubow, mjomba wetu, ndugu mdogo wa Hooyo, ndiye aliyejibu kwa sauti ya chini kwamba liko palepale ukingoni, limejaa matope mpaka kwenye viti, na kwamba amepata mtu wa kulinunua kama chuma chakavu.

"Lilete hapa," Ayeeyo alisema. "Ulitengeneze hapahapa, mbele ya dirisha lake."

Abti Dubow alikuwa fundi. Watu wengi wa mtaa wetu walitengeneza magari yao nyumbani, chini ya mwarobaini, kwa spana za kuazimana, na yeye alikuwa ndiye anayeitwa kazi inapowashinda. Lakini siku ile alimtazama mama yake kana kwamba amemwambia amfukue maiti. Na kweli, lilipovutwa kwa kamba mpaka uani kwetu, matope yakidondoka kila hatua, majirani waliokuja kuhani walishika vichwa. Mmoja alisema waziwazi: "Huyu bibi ana wazimu. Mwanamke amefiwa, unamletea jeneza dirishani?" Nami nilishtuka, lakini mshtuko wangu ulikuwa wa furaha. Nilielewa mara moja. Wanamtengenezea Siyat gari lake, kwa sababu anakuja. Watu wazima walikuwa wanaficha, kama wanavyoficha nguo mpya za Idi.

Kuanzia hapo nilimpakata Hassan kivulini na kutazama kila kitu. Abti Dubow alitandika mkeka na kupanga vyuma juu yake. Alipofungua nati ya chini ya injini nilitarajia oili nyeusi. Ikatoka nyeupe, nzito, kama chai ya maziwa. Niliruka nyuma nikidhani Landrova imeugua. "Maji yameingia kwenye oili," alisema bila kuinua macho, "ndiyo rangi yake." Alimwaga, akaosha kwa dizeli, akamwaga tena. Alitoa magurudumu, na ndani ya breki matope yalikuwa yamekauka yakawa kama matofali. Chini ya kiti alikuta kambare mkavu, mzima, macho wazi. Nilipiga ukemi mpaka Hassan akasahau kulia kwake akanitazama. Abti Dubow alimshika yule samaki mkononi, akakaa naye kitako mchangani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani anacheka. Nikacheka pia.

Ayeeyo alisimamia kazi akiwa amekaa juu ya tairi. Alikuwa na masharti yasiyoeleweka. Kiti cha dereva kisioshwe. Gari lielekezwe langoni, vilevile alivyoliegesha Siyat. Honi ifunguliwe, ikajaribiwe kwanza kwake Abti Dubow, isilie pale uani kabla ya wakati wake. Abti Dubow alitii akiguna. Balaa lilikuja kwenye ekzosi. Alikuwa amemwita Mutua, fundi wa kuchomelea, mtu wa bara mwenye miwani myeusi, aje azibe tundu. Mutua alikuwa ameshajilaza chini ya gari Ayeeyo alipoona cheche. Aliinuka kwa kasi ambayo sikujua anayo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia mbuzi, kila p ikitoka kama b, na akakitumia chote.

"Wewe fundi! Hiyo baibu wacha hifyo hifyo! Ukibiga moto, mimi nabiga wewe na fimbo!"

"Lakini mama, imetoboka," Mutua alisema kutoka chini, miguu tu ndiyo ikionekana.

"Mimi najua imetoboka! Nani amekwambia haijatoboka? Toka!"

Mutua alitoka, akavua miwani, akamtazama Abti Dubow ili apate tafsiri ya jambo lile. Abti Dubow hakuwa nayo. Mutua alikunja nyaya zake akaenda. Mimi nilimwelewa Ayeeyo vizuri sana, au nilidhani hivyo. Siyat angelitambuaje gari lake lisipokohoa? Nilimnong'oneza Hassan: vumilia, kaka anakuja, atatununulia biskuti. Wakati huo Hassan alikuwa halii tena kwa nguvu. Alikuwa anatoa mlio mdogo tu, kama mlango unaohitaji grisi, na wanawake walipomwona waliangaliana. Ayeeyo alimfunua nepi, akamfinya paja, na ngozi ikabaki imekunjamana pale ilipofinywa.

"Leo," alimwambia Abti Dubow. "Si kesho."

Walibishana nyuma ya jiko, wakidhani sisikii. Ayeeyo alikuwa anataka Abti Dubow aliwashe gari alasiri, baada ya swala, afanye kama alivyokuwa akifanya Siyat. Akanyage, aachie, akanyage tena, kisha honi fupi.

"Mama, huo ni ukatili," Abti Dubow alisema. "Utamuua dada yangu."

"Na usipoliwasha utamzika mwanawe."

"Wallahi siwezi."

"Huhitaji kuweza. Wewe kanyaga tu."

Baada ya swala ya alasiri Abti Dubow aliingia kwenye kile kiti kisichooshwa. Ayeeyo alinisimamisha karibu na mlango wa nyumba, Hassan mikononi, akaniambia nisisogee. Injini ilizunguka, ikagoma. Ilizunguka tena. Abti Dubow alishuka, akalegeza nati za mabomba ya dizeli ili hewa itoke, akazikaza, akapanda. Safari hii ilishika. Moshi mweusi ulifunika ua, kuku wakatawanyika, na ile ekzosi ikakohoa kama ilivyokuwa ikikohoa zamani, kikohozi kilekile. Moyo wangu ulipaa. Alikanyaga, akaachia, akakanyaga tena. Honi.

Hooyo alitoka mbio. Miguu mitupu, kichwa wazi, yeye ambaye sikuwahi kumwona bila mtandio mbele ya mwanamume yeyote asiye wa nyumbani, na majirani walikuwa wamejaa langoni. Sauti yake ilikuwa na nguvu zake zote za zamani.

"Siyat! Zima hilo dude, mtoto amelala!"

Aliushika mlango wa dereva akaufungua. Abti Dubow alikuwa pale, mikono yote miwili kwenye usukani, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Hooyo alimtazama. Mimi nilikimbilia upande wa pili na mtoto wangu mikononi, nikafungua mlango ule mwingine, nikachungulia nyuma kule wanakowekwa mbuzi. Nilitafuta mpaka chini ya turubai. Hakukuwa na mtu. Ndipo nilipojua, hapo na si siku ya jeneza, kwamba Siyat amekufa. Nikakaa palepale kwenye moshi.

Upande wa pili Hooyo alianza kulia. Sijawahi tena kusikia kilio kama kile. Kilianza chini, kikapanda, kikaishinda injini. Aliteleza taratibu akiushika mlango mpaka akakaa mchangani, mgongo kwenye gurudumu, na nilipozunguka kumfuata niliona kitu nisichokielewa: kifua cha dera lake kilikuwa kimelowa, madoa mawili makubwa, na yanazidi kutanuka. Nilidhani amejeruhiwa. Nilidhani watu wakilia sana wanavuja. Ayeeyo alininyang'anya Hassan bila neno, akapiga magoti, akaifungua shingo ya dera, akamweka mtoto. Hassan alivuta. Alinyamaza. Koo lake dogo likaanza kupanda na kushuka.

Abti Dubow alinyoosha mkono kuzima.

"Usizime!" Ayeeyo alimfokea. "Acha lingurume!"

Likanguruma mpaka jua likashuka nyuma ya ukuta. Hooyo alilia, mtoto alinyonya, na majirani wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Kesho yake alasiri Abti Dubow aliwasha tena, na kesho kutwa, mpaka ikawa desturi ya nyumba. Hooyo alitoka mwenyewe na Hassan wake, akakaa kando ya gurudumu. Siku moja Abti Dubow alisahau kuwasha, na mtoto akanyonya vilevile.

Mimi sikumsamehe Ayeeyo. Nilikuwa na hasira naye kwa miaka, hasira ya mtoto, ngumu kama tofali la matope ya breki. Niliona amemcheza shere mama yangu mbele ya watu, na kunicheza mimi pia. Nilimwamkia, nilimpa chai, lakini macho yangu sikumpa. Akafa nikiwa bado hivyo.

Nilikuwa nimeshapata kazi ya ualimu huko Wajir niliposikia jamaa za Ayeeyo wakisema wana ngamia aliyefiwa na ndama. Niliandamana nao kwenda malishoni, kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Ngamia yule alikuwa amesimama peke yake, hataki kukamuliwa, na watoto wa boma walikuwa wanamtegemea. Kijana mmoja akaleta ngozi ya yule ndama, imekaushwa, imetandazwa juu ya vijiti, ameipaka chumvi. Akaisimamisha mbele yake. Ngamia aliinamisha shingo, akanusa. Alinusa muda mrefu. Kisha akatoa sauti ya chini ya kooni, na maziwa yakaanza kudondoka mchangani kabla ya mtu kumgusa.

Nililia mpaka wenyeji wakaniletea maji wakidhani ni jua. Niliona mkeka wa vyuma, niliona Mutua na miguu yake, niliona mtu aliyesimamia kiti kisioshwe. Niliona kila kitu kwa mara moja na sikuwa na pa kukipeleka, mwenyewe yuko kaburini. Sikumwambia Hooyo pia. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Lakini ekzosi ya Hassan ilikuwa ukutani inang'aa, na Ijumaa ilikuwa inakuja. Alhamisi niliingia chumbani kwa Hooyo. Sasa ni mzee, magoti yanamsumbua, anapenda kukandwa mafuta. Nilimkanda, na katikati ya kumkanda nikamwambia yote: ngamia wa Wajir, ngozi, vijiti, chumvi. Nilimwambia nilichokitunza maisha yangu yote, kwamba siku ile Ayeeyo alimfanyia hila kama wanavyomfanyia mnyama.

Hooyo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Mimi nimekulia kwa ngamia," alisema. "Ile ngozi nimeishika mara ngapi mikononi mwangu, nikiwa mdogo kuliko ulivyokuwa wewe? Nilijua mama yangu anafanya nini tangu alipomfukuza yule fundi wa moto. Nilikuwa nasikiliza dirishani."

Niliacha kumkanda.

"Ulijua?"

"Nilijua. Hata siku yenyewe nilimsikia Dubow akipanda. Siyat alikuwa akifunga mlango kwa kuupiga. Dubow huufunga taratibu."

"Sasa Hooyo, kama ulijua ni Abti Dubow, mbona ulikimbia?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto wa shule aliyeuliza jua linatoka wapi.

"Alikuwa amepiga honi," alisema.

Nje Hassan alikuwa ameliwasha gari, anataka kulisikiliza kabla ya fundi kuja, na lile tundu likakohoa mpaka vikombe vya kabatini vikagongana. Hooyo aliuondoa mkono wangu gotini kwake, akajikongoja mpaka mlangoni huku akijitanda mtandio.

"Hassan!" alipaza sauti. "Zima hilo dude, mtoto amelala!"

Hakuna mtoto nyumbani kwetu siku hizi. Hassan alizima, akageuka, akatuangalia sisi wawili mlangoni bila kuelewa. Usiku huo nilimsimulia. Ekzosi mpya ameirudisha dukani.